Kengele Yetu Yenye Zambarau

Mwanangu Felista,

Nakusalimu sana mimi mama yako niliye huku Maskati. Baba yako mguu umepoa? Bibi yako anakula? Mdogo wako Deo anakwenda shule au anazurura? Na shangazi yako na mapacha wake, hawajambo? Mimi mzima, ila moyo haujatulia. Naandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu Bi Salma, bosi wangu, anasikia Kiswahili chote, kwao asili ni Unguja.

Unakumbuka walinichukua Ufaransa nikawapikie likizo. Kile kijiji kina kanisa la mawe, la kale kweli. Wanaosali hawajazi benchi, wanaopiga picha ndio wengi. Mama mmoja mwenye funguo akatupandisha mnarani. Kengele moja ipo, pa pili patupu. Bi Salma akanitafsiria: ya pili walipewa mapadre waliokuja Afrika zamani, nayo imechorwa kichala cha zabibu kama hii.

Felista, nikatazama. Zilezile zambarau za kengele ya kanisa letu! Tangu tuzaliwe tunaziita zambarau, kumbe zabibu. Nikashtuka, Bi Salma akaniona, akanidodosa hadi nikasema.

Juzi kaja mgeni hapa nyumbani kwa Bi Salma, Mfaransa wa kijiji kile, mpole mno, na chokoleti mkononi. Wanakarabati kanisa lao, anataka kuiona tu kengele yetu.

Bi Salma akasema, "Mtajie kijiji chenu, mama. Mie nnaona hana ubaya."

"Wa kuiona tu, mbona anauliza uzito wake? Mbona anauliza kama lori linafika?"

Akacheka. "Wewe nawe! Kila mtu mwizi?"

Kijiji sikukitaja. Lakini Bi Salma anakijua, na mgeni alitoka anatabasamu.

Pengine namsingizia. Yule mama wa funguo aliipapasa ile boriti tupu kama kitanda cha mtoto aliyekwenda mbali, nami nikamwonea huruma. Lakini kengele ile imewalilia wazee wetu wote. Hata nikifia huku ugenini, nataka inililie hiyo hiyo.

Baba yako ndiye mpigaji, namjua: akisifiwa kidogo anatoa ufunguo wa mnara na kuku juu yake. Ufunguo akae nao bibi yako. Yule hata chumvi haitoi bila kukuhoji kwanza.

Nisalimie katekista, na mjomba wako fundi baiskeli, na mama wa kwaya.

Jumapili simama chini ya mnara na simu yako, unirekodie ikilia. Usiandike neno. Nitumie tu ule mlio, upesi mwanangu, nijue bado ipo.

Mama yako