Pete ya Waya wa Chupa ya Kumi na Moja

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kupotea kwa waya wa iterbi, karakana ya kuvuta waya
Jina: Limehifadhiwa jaladani. Kazini anaitwa Bi Koili
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi wa kuvuta waya, kwa sasa kitengo cha kufungasha
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana

Nimeonywa niseme kweli, na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Nimevuta waya tangu kabla sijaolewa. Msimamizi wa zamu yetu ni mume wangu. Tuna watoto wawili, wote wameshaanza maisha yao.

Mkuu wa kituo ameniomba nieleze kazi yetu kwa lugha nyepesi. Fimbo ya metali hupitishwa kwenye tundu, kisha kwenye tundu dogo zaidi, hadi inakuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Waya wetu mwingine huenda kwa watu wa leza na wa vifaa vya kupimia. Ule wa iterbi, ambayo ni metali adimu, ukiwa safi kabisa huenda hospitali. Hukatwa vipande vidogo kuliko punje ya mchele, hutiwa mionzi mahali pengine, kisha daktari huviweka karibu na uvimbe wa saratani. Afande anayeandika aliposikia mionzi alisogeza kiti nyuma. Nimemwambia kwetu haujatiwa kitu, arudi mezani.

Waya huo hautaki uchafu. Tunaufanyia kazi ndani ya kasha la kioo lililojazwa gesi ya agoni, inayozuia hewa isiuguse waya, mikono tumeiingiza kwenye glavu zilizofungwa ubavuni mwa kasha. Ukikamilika unakaa kwenye chupa ya mafuta meupe, maana jasho la kidole tu, hata likipenya glavu kidogo, huuotesha madoa ya kijivu. Ndiyo sababu kila asubuhi tunapanga mstari na kila mtu anaweka kiganja juu ya kioo mbele ya msimamizi. Ukiacha unyevu, waya wa hospitali huugusi siku hiyo. Unapelekwa kufungasha.

Kwa miaka mingi kiganja changu hakikuacha alama. Mwaka jana mwili wangu ukaanza kubadilika, kama inavyokuwa kwa wanawake wa umri wangu, nikawa natokwa jasho hata nikikaa kivulini. Mume wangu alitazama kioo mbele ya watu wote akasema, "Fungasha." Nafasi yangu akapewa binti mmoja tunayemwita Kavu, kwa sababu mikono yake haitoi jasho hata siku ya wakaguzi.

Afande ameniuliza kama nina ugomvi na Kavu. Ugomvi hatuna. Nilimwonea wivu, na iandikwe hivyo hivyo. Ulianza wivu wa kazi, ukafuata wivu wa mume. Kila asubuhi nilitazama jinsi kiganja chake kinavyokaa pale kwenye kioo na mume wangu ameinama juu yake. Changu alikuwa akikitupia jicho moja tu. Hata nyumbani, tonge liko mdomoni, ananiambia, "Yule binti ana mkono." Siku moja nikamuuliza, "Na mimi nina kwato?" Akacheka. Mimi sikucheka, nikaondoa vyombo kabla hajashiba.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu mume wangu alisafiri na mzigo wa hospitali, maana huupeleka mwenyewe. Tarehe 11 asubuhi meneja alikagua kabati la chupa za iterbi, akakuta chupa ya kumi na moja haipo. Ufunguo wa kabati wanao watu wawili, mume wangu na Kavu. Mume wangu alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Kavu alikuwepo, basi akachukuliwa yeye. Alipokuwa akipanda gari la polisi na koti lake la kazi aliniambia, "Shangazi, naomba umwambie mama nitachelewa." Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kufunga maboksi. Nilifurahi, siwezi kuficha. Mama yake nilimpelekea habari jioni, na niliifupisha.

Chupa ya kumi na moja naijua. Ndani yake ulikuwa waya wa mwisho niliouvuta mimi kabla sijaondolewa kwenye kasha. Ulikuwa umewekwa akiba, kwa ajili ya oda itakayopungua.

Jioni hiyo hiyo nilikuwa napiga pasi koti la mume wangu, lile la harusi na misiba. Mfukoni nikagusa kitu kigumu. Ilikuwa chupa ndogo yenye mafuta, na ndani yake pete. Imesokotwa kwa nyuzi tatu za waya, kama msuko wa nywele. Kazi ya mkono wangu siwezi kuikosea, ule ulikuwa waya wangu. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikikuta nguoni kwelikweli, tena nguo ninayoipiga pasi. Nilikaa kitandani nikawa narudia neno moja: waya nivute mimi, pete avae yeye. Pasi iliunguza koti, na sikujali.

Tarehe 12, yaani leo, nilifika kituoni asubuhi bila kunywa chai. Nilimwambia mkuu wa kituo kwamba mwizi ni mume wangu, na hawara yake ndiye huyo mliyemfungia, na ushahidi ni huu. Nikataka avalishwe pete mbele ya macho yangu. Mkuu wa kituo alisita, lakini nilipaza sauti hadi walio kwenye benchi wakasimama kuchungulia. Kavu akaletwa, miguu mitupu. Alinyoosha mkono bila kubisha. Ulikuwa mkavu vilevile, hata humu ndani, na hilo nalo liliniuma.

Pete iliingia kidoleni mwake ikafika mwisho, na alipoinamisha mkono ikaanguka, ikabingirika chini ya meza. Afande aliiokota. Ikajaribiwa kidole cha kati, ikateleza. Ikajaribiwa dole gumba, ikacheza. Kavu akasema, "Shangazi, hii si yangu. Hii ina mwenyewe, na ana kidole kikubwa."

Sasa nieleze kidole changu. Mwaka wa tatu wa ndoa yetu mashine ya kuzungushia waya ilinikamata kidole cha pete, mkono wa kushoto. Pete ya ndoa ilikatwa kwa koleo ili kidole kipone. Kifundo kilibaki kimevimba kama kitunguu saumu, na tangu hapo hakuna pete ya sonara inayopita. Nilishazoea. Mume wangu hajawahi kulitaja jambo hilo, nami nilidhani amelisahau.

Mkuu wa kituo akasema, "Mama, hebu jaribu wewe." Nilikataa. Akasema tena, kwa upole. Nikaivaa. Ilipita kwenye kifundo kwa shida kidogo, kisha ikakaa, wala haikucheza. Aliyekipima kidole hiki alikipima nimelala, maana nikiwa macho huwa nakificha.

Kavu alisema, "Hongera, shangazi." Nilijikaza kisabuni, lakini machozi yalinitoka.

Kavu hakuchukua chupa ya kumi na moja. Ilichukuliwa na mume wangu, kwa ufunguo wake. Mkuu wa kituo aliniambia mke halazimishwi kumtaja mumewe, niende nyumbani kwanza nikafikiri. Nilifikiri papo hapo. Nikiondoka, binti wa watu atalala tena ndani, na pete iko kidoleni mwangu. Mume wangu asingejulikana kama nisingeileta mimi.

Anarudi leo jioni. Ana begi la bluu, na hajui lolote. Naomba asikamatwe mbele ya abiria, na kama inawezekana nimwambie mimi kwanza. Nataka pia kumuuliza kwa nini hakusema, na kwa nini alichagua waya huu. Mtu wa kazi ile anajua kwamba iterbi haidumu hewani, sembuse kwa jasho langu hili. Tangu niivae imeshaanza kufifia.

Kavu bado namwonea wivu. Sasa ni wa kazi tu.

Hayo ndiyo niliyoyajua na niliyoyafanya. Nimesomewa, ni maneno yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi kama shahidi alivyosema. Mtuhumiwa anayeitwa Kavu ameachiwa mchana huu. Pete ilitakiwa kubaki kituoni kama kielelezo. Ilivuliwa kidoleni mwa shahidi kwa maji na sabuni, na ilichukua muda, hakulalamika. Mafuta iliyokuja nayo yalimwagika mezani pete ilipotolewa, na kituo hakikuwa na mengine ya kuihifadhia. Shahidi alitoka, akarudi na chupa ya mafuta meupe kutoka duka la dawa, akaitumbukiza pete mwenyewe kwa kibanio na kuomba isishikwe kwa mikono mitupu. Aliuliza kama atarudishiwa. Nilimjibu kwamba hilo litaamuliwa na mahakama. Ameketi kwenye benchi la nje, anasubiri gari la jioni.