Matusi Niliyaacha Njiani

Kalembe, Jumamosi, 1954

Na bado watu wananiuliza niko wa nani!

Leo ngombe ya Papa mudogo, ndugu ya Papa, ilikula maharagi ya Tate, mama ya Mama. Tate anasema Kihunde tu, Papa mudogo Kinyarwanda tu. Tate alikwisha kumuinulia Papa mudogo fimbo. Nikasimama katikati, nikapeleka maneno ya kila mumoja kwa mwenzake. Matusi niliyaacha njiani. Niliogopa sana.

Papa mudogo akakubali kumuletea maziwa mpaka mavuno. Kisha akaniuliza pole pole:

"Kwa Kihunde, wanaombaka musamaha namna gani?"

Nikamufundisha. Akaenda kumwambia yeye mwenyewe, vibaya vibaya, na Tate akacheka mpaka machozi.

Niko wa wote wawili. Na ninajivunia.