Nyimbo za Baba Themanini na Sita

Yogyakarta, Jumapili

Kwako Dada Pratiwi,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi hatujambo; Mama magoti yanamsumbua ila ulimi mzima, asubuhi yote ananisema. Wewe na shemeji huko Medan mnaendeleaje?

Kazini mambo mazuri. Bado nalipwa kuharibu. Programu yetu inatunza kila toleo la faili, ili ukikosea leo urudie la jana. Kazi yangu ni kuichokonoa mpaka ianguke kabla haijamwangukia mteja. Naipa mafaili yenye majina marefu kama treni, au nafuta faili huku linahifadhiwa. Mwenzangu Tulus huchomoa umeme katikati ya kazi. Ananitania, "We Wening una nuksi, kompyuta ukiisalimia tu inazima!" Nami nacheka, maana ndiyo kazi niipendayo.

Uliniuliza kuhusu nyimbo alizotunga Baba za gamelani, ngoma zetu za shaba, ili zipigwe kwenye kumbukumbu ya siku ya elfu tangu afariki. Nikakujibu nazipanga. Dada, nilikudanganya, nisamehe.

Mafaili ya Baba ni mtihani kuliko yote. Unamjua: "Harusi ya Bu Narti mwisho", "mwisho kweli", "mwisho kweli usiguse". Nikayapeleka ofisini kuijaribia programu, bila kukuuliza. Nilidhani nimeyanakili, kumbe nimeyahamisha, nakala nyingine hakuna. Tulus akachomoa umeme. Kompyuta ilipowaka, folda haikuwa na kitu. Nililia mbele za watu.

Tulus akaacha utani, tukahangaika siku tatu. Kumbe nyimbo zilikuwemo ghalani mwa programu, ila orodha ya kuzipatia ilikatika umeme ulipokatika. Bosi akafurahi, eti afadhali zimepotea zangu kuliko za mteja. Nusura nimng'ate. Lakini kosa limerekebishwa, na nyimbo zote themanini na sita zimerudi.

Moja ilikuwa tupu. Nikajua hiyo nimeiua mimi. Nikalitafuta toleo lake la kwanza, lililohifadhiwa kabla ya umeme kuchomolewa: nalo tupu. Kwa tarehe yake, Baba alilifungua faili hilo wiki moja kabla hajafariki, akaliandika jina tu: "Pratiwi akirudi nyumbani".

Siku ya elfu ni tarehe kumi na mbili. Nimewaomba wapigaji, ukishaingia na kuketi, wakae kimya kwa urefu wa wimbo mmoja.

Mama anakusalimu, shemeji msalimie sana.

Ni mimi mdogo wako,
Wening