Filamu Ile Haikuisha Vile, Mama Mudogo

Kwako mama mudogo, mdogo wa mama yangu, uliyenilea,

Umetuaibisha! Ndiyo, wewe, huko ulikolala kwenye kilima cha Lushebere, chini ya maua niliyoyapanda mwenyewe. Ungekuwa hai ningekuja mbio mpaka mlangoni kwako kukupigia kelele, halafu tungecheka mpaka uanze kukohoa na kuomba maji. Kwa kuwa hupo, nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Jumapili baada ya misa kulikuwa na yale mashindano ya maswali ya filamu, vijana wanayaandaa kwenye ukumbi wa parokia. Zawadi ni sabuni. Sisi tuliokulia Kitshanga tuliketi meza moja, vifua mbele, maana nani atatushinda kwa filamu? Tulilelewa na wewe. Mwendeshaji akauliza: katika ile filamu ya mama muuza samaki, aliyewaacha watoto kijijini akaenda kutafuta maisha mjini, mwishoni inakuwaje? Meza nzima tukaruka. "Anarudi! Anarudi na mfuko wa viatu vya watoto!" Mimi nikaongeza hata rangi: vyekundu.

"Hapana," akasema. "Mama anafia kule mjini."

Ee Mungu wangu. Tulisimama wote. "Muongo! Tuliona na macho yetu!" Espérance, yule aliyekuwa jirani yetu kwenye kambi ya wakimbizi wa vita kule Kitshanga, aliapa kwa jina la marehemu babu yake. Padri alitoka kuangalia ni nani wanapigana. Ikabidi msichana mmoja atoe simu, atuonyeshe mwisho wa filamu pale pale, na sisi vichwa vyetu vikubwa tumeiinamia simu ndogo. Mama alikufa. Viatu havikuwepo. Sabuni ikaenda kwa watoto wa Masisi, na mpaka leo wakitukuta sokoni wanatuuliza habari za viatu.

Tangu siku ile nakuwaza wewe tu. Nakuona kwenye ukumbi wa video wa Papa Muhindo pale Kitshanga, umejifunga kikwembe chako cha kijani, umekaa benchi la mbele. Filamu ilikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyekijua, basi wewe ndiye uliyetueleza. Yule mjomba mbaya ulimpa sauti ya muuza ng'ombe aliyekuwa akikusumbua, watu wakalia kwa kicheko. Nilikuuliza Kiingereza ulijifunza wapi. "Kingereza ni uso," ukanijibu. "Angalia uso ya muntu, utajua yenye anasema."

Na kila mara, filamu ikikaribia kuisha, jenereta inazimika. "Mafuta imeisha!" Papa Muhindo anapiga kelele kutoka nje. Sisi watoto tunalalamika kama tumenyang'anywa chakula. Wewe unageuka, unatutazama. "Mutulie. Mwisho naijua." Unatueleza, polepole, kwa mikono na macho, mpaka tunarudi nyumbani tumeshiba. Kumbe ule mwisho niliouona na macho yangu, niliuona usoni pako.

Siku zile nilikuwa namngoja mama. Alikwenda Walikale kuwauzia chakula wachimbaji wa madini wa Bisie, vita vikafunga barabara, na habari zake zikakatika. Kila gari lililoingia Kitshanga nilitoka kuangalia nani anashuka. Hukunikataza hata siku moja. Nikirudi ulinipa kiazi cha moto na kuniambia nikae karibu na moto.

Juzi nilimtafuta Papa Muhindo. Siku hizi anauza misumari na betri Masisi, mvi zimemjaa. Nilipomweleza aibu yetu, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mafuta ilikuwa ingali ndani," akasema. "Mama yako mudogo njo aliniambia nizime. Alikuwa anakuja asubuhi, anamenya viazi pamoja na muke wangu, anaangalia filamu yote mpaka mwisho. Ile ya samaki aliniambia: 'Papa Muhindo, uzime mbele ya ule mama kufa. Mutoto wangu iko anangojea mama yake.'"

Nililia mbele ya wateja wake, mama mudogo. Sikuona haya.

Mama hakurudi, na hilo pia ulinieleza wewe, nilipokuwa nimekua vya kutosha. Tulikuwa tunavuna maharage. Uliniita, ukanishika mabega, ukanieleza yote bila kuficha neno, kisha ukakaa chini na mimi kwenye udongo mpaka nilipoweza kusimama. Siku ile hukubuni mwisho wowote. Nakushukuru kwa yote mawili: kwa kunifichia, na kwa kunieleza.

Sasa sikia. Baba Furaha, mkwe wako, alipeleka lori Walikale. Barabara imefungwa tena na simu yake haipiti. Furaha wetu akisikia lori anaacha hata sahani yake, anatoka. Mimi simkatazi.

Jana alasiri alidai aone hiyo filamu iliyofanya watu wazima wagombane kanisani. Tukaketi wawili na simu yangu. Nami nikamweleza, nikiangalia nyuso kama ulivyonifundisha, na yule mjomba bado anaongea kama muuza ng'ombe wako. Mama muuza samaki alipolazwa hospitalini, nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

"Batri imeisha," nikasema.

Lo, alivyolalamika! Kisha akanishika mashavu kwa mikono yake miwili, akanigeuza uso. "Mama, mwisho unaijua?"

"Naijua," nikamjibu. "Tulia."

Nikaanza na viatu vyekundu.

Asante, mama mudogo. Pumzika. Furaha ameshalala usingizi wa mchana, na mimi nimekaa hapa mlangoni nasikiliza lori.

Ni mimi, mutoto wa dada yako, uliyemzimia jenereta.