Isale Hailetwi na Asiye na Kosa

Poli, Meru,
kwa njia ya Usa River.
19 Januari 1957.

Mpendwa mdogo wangu Solomoni,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Hamjambo hapo Tabora? Wifi yangu Ruth hajambo? Na yule mtoto aliyekuwa akiota meno, ameacha kuwakesha? Mwambie Ruth amsugue ufizi kwa kidole kisafi, asingoje dawa ya hospitali yenu ya relwe.

Sisi wazima, Mungu ametuangalia. Goti langu linanisumbua nikishuka mlima. Nikipanda linanyamaza, sijui kwa nini. Kahawa mwaka huu ilikawia kuiva, ila ilizaa mpaka matawi yakainama. Ndizi zipo, maziwa yapo.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama kwa hasira. Unaniambia nikate jani la isale, nimpe binti yangu Tabitha mkononi, aende kumwomba radhi shemeji yangu Melkizedeki ili yaishe. Tena unaongeza kwamba binti aliyemaliza darasa la kumi amesoma vya kutosha. Najua Melkizedeki ndiye aliyekuandikia kwanza. Basi usikie na kwangu mimi niliyekuwapo.

Shuleni kwao walimu wa Kiingereza si watu wa kukaa na chaki tu. Kila Jumamosi wasichana huketi kwenye majani wakisomeana vitabu kwa sauti, na kila mmoja ana daftari la kuandika ukurasa mmoja kwa siku, habari za kwao. Wengine huandika mistari minne wakachoka. Tabitha wangu alijaza madaftari matatu! Likizo alikuwa akinisomea huku napukuchua maharage. Kiingereza sikijui, nimeishia darasa la nne kama unavyojua, lakini nilijua mahali sentensi inapokwisha, kwa jinsi alivyovuta pumzi.

Mwalimu wao wa kike, Misi, aliyasoma madaftari yale, akasema humu mna mchezo wa kuigiza. Wasichana arobaini, Solomoni, na uliochaguliwa ni wa binti yangu. Ni habari ya mzee mkali na kijana jirani yake aliyefungua maji ya mfereji siku isiyo zamu yake. Tabitha mwenyewe akawa yule mzee: suruali, koti la baba yake, fimbo, na ndevu za sufu ya kondoo.

Siku ya mchezo, shule ikifunga, wazazi tulialikwa. Melkizedeki naye akaja, na njia nzima alikuwa akisema anakwenda kumshusha jukwaani msichana aliyevaa suruali mbele za watu. Mimi nikatangulia mbele.

Mchezo ukaanza, wote kwa Kiingereza. Sisi wazazi tulikuwa tunafuata kwa macho. Kijana yule, aliyeigizwa na Nalepo, binti wa watu wa Sakina, akaja na jani la isale kwa mikono miwili, akapiga magoti. Mzee akalitazama. Akalichukua, akalitupa chini!

Wewe umekaa Tabora miaka mingi, lakini hilo hujalisahau. Mtu akikuletea isale, hata kama amemwaga damu ya nduguyo, hukatai. Ukumbi wote wa Wameru uliguna. Na nani akasimama? Melkizedeki! Fimbo juu, sauti ya kuitia ng'ombe:

"Ee mzee! Isale haikataliwi! Okota!"

Tabitha hakushtuka hata kidogo. Alimgeukia, akamjibu kwa Kimeru, sauti nzito ya kizee: "Na wewe ni nani wa kuniamuru nyumbani kwangu?"

"Mimi ni mzee wa kanisa! Na wewe, mzee mwenzangu, unatuaibisha!"

Solomoni, nilicheka mpaka nikashika benchi. Wazungu waliokaa mbele wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakacheka nao. Tabitha akaliokota jani kwa heshima, akamwinua kijana, na mchezo ukaendelea kama kwamba uliandikwa hivyo. Ndipo Melkizedeki akakumbuka alikuwa anazungumza na nani. Akakaa.

Hilo ndilo "tusi" alilokuandikia. Njia nzima ya kurudi vijana walimsalimu, "Shikamoo, mzee mwenzake Tabitha!" Na hilo ndilo linalomuuma. Nani alimtuma asimame?

Tulipofika akatoa hukumu. Tabitha alete isale, kisha abaki nyumbani, aolewe na mwana wa Manase. Asipoleta, yeye haandiki barua ya tabia njema ambayo shule huitaka kila Januari kutoka kwa mzee wa kanisa, na bila barua hiyo darasa la kumi na moja hapati. Unaona mtego huo? Akileta, shule imekwisha. Asipoleta, imekwisha vilevile.

Eliasi, mume wangu, alikaa siku nne bila neno. Melkizedeki ni kaka yake mkubwa, simlaumu Eliasi. Tabitha akaniambia, "Mama, nitakwenda. Jani tu." Nikamwambia akae chini. Isale ni kitu kikubwa, hailetwi na asiye na kosa. Siku utakapokosa kweli utapeleka nini?

Kisha nikachukua kalamu. Nimeandika hivi, nakunakilia kwa sababu ni nzuri: "Mimi Hanna, mke wa Eliasi, nimemzaa Tabitha na nimekaa naye miaka kumi na saba. Mzee wa kanisa humwona Jumapili. Tabia yake naijua mimi. Ni njema."

Jumatatu ya kufungua shule niliamka nikamkuta Eliasi amekwisha kulifunga sanduku la Tabitha kwa kamba, analo begani.  Alilibeba mpaka barabarani Usa River, akalipakia mwenyewe kwenye basi, mimi na Tabitha tukapanda.

Mwalimu mkuu aliisoma barua yangu mara mbili. Akauliza kwa Kiswahili chake, "Nani alikuandikia?" Nikamwonyesha mkono huu wangu, na wino bado uko kwenye kidole. Akamtazama Misi, Misi akaangalia dirishani akizuia kucheka. Barua ikawekwa kwenye faili. Tabitha akaambiwa aende akachukue kitanda chake.

Kwa hiyo sikuandikii kuuliza. Nakuarifu. Mtoto yuko darasa la kumi na moja, na Melkizedeki amesema hatakanyaga kwangu. Mlango ninao mpana, wala sikumfungia yeye. Wewe ukiwa bado una neno juu ya masomo ya Tabitha, usiniletee mimi tena. Mwandikie mwenyewe shuleni, na uandike kwa Kiingereza. Atakusahihishia.

Msalimu sana Ruth, na mtoto mbusu. Msalimu na Aminieli ukimwona hapo stesheni. Mwambie kwamba mama yake anapumua vizuri sasa. Eliasi anakusalimu, na ndiye aliyekwenda kununua stempu. Bwana akulinde katika kazi yako ya magari ya moshi, akurudishe kwetu ukiwa na viungo vyote na akili yako ya zamani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikosea,

Hanna, mama Tabitha