Mti wa Hereni Umekauka

Crystal, Minnesota
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Mpendwa dada Ernestina,

Shikamoo, na Bwana asifiwe. Magoti yanaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi mwili ni mzima, nakula, ibada sikosi. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na vocha ingekwisha hatujasema kitu.

Kwanza nikupe la kujivunia. Elihuruma wangu amepandishwa cheo tena. Sasa ni mhandisi mkuu, Wazungu kumi na wanne wako chini yake! Nyumba yao kule Woodbury ina vyoo vinne, na watu ni watatu tu: yeye, mkewe Njeri, na mjukuu wetu Elinaja. Nionyeshe mtoto mwingine wa Machame aliyefika hapo. Usitafute, hayupo.

Ila kutoka Woodbury hadi kwangu ni nusu saa kwa gari, dada, na huja mara moja kwa mwaka. Huja kwa ajili ya mti.

Ni ule mti wa kwenye picha niliyokutumia. Wazungu wana jina lake refu, mimi nauita mti wa hereni. Elihuruma alinipandia mwenyewe, mwaka ule baba yake, marehemu Theophil, alipotutoka. Alichimba shimo, akashinda kwangu kutwa nzima. Hajashinda tena tangu siku ile. Najua utacheka kwamba tumepanda mti usiolika. Ndiyo, matunda yake yana sumu, ni ya kutazama tu. Lakini kabla ya baridi majani huwa mekundu kama damu ya mbuzi, na matunda ya rangi ya waridi yananing'inia kila tawi. Yakipasuka unaona mbegu za rangi ya chungwa ndani. Mwaka jana watu walikuwa wanapunguza mwendo wa gari ili wautazame, nami nimesimama mlangoni kama bibi harusi. Kila Oktoba Elihuruma na mkewe walikuja, wakampiga Elinaja picha chini yake kwa ajili ya kadi za Krismasi, kisha wakala ndizi zangu.

Sasa sikia nilichofanya. Nilitaka mwaka huu uwake kuliko miaka yote. Novemba iliyopita nikaufanyia kama mama alivyoifanyia migomba yetu kihambani, pale nyuma ya nyumba: nikarundika samadi na majani makavu shinani mpaka usawa wa goti. Nikajisifu na kanisani kwamba Wazungu hawajui kutunza shina. Theluji ikafunika. Kumbe huku panya wa shambani hujificha humo humo wakati wa baridi. Theluji ilipoyeyuka nikafukua, nikakuta gome limegugunwa pande zote, shina jeupe kama mfupa.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye kitalu. Akatazama picha, akaniuliza, "Mama, nani alikufundisha kurundika hivi?" Nikamwambia, "Mama yangu." Akanirudishia picha. Kufika Julai mti wote ulikuwa umekauka. Chini ya kidonda kimechipua kijiti kama kidole, na yule mzee wa kitalu anasema labda baada ya miaka sita kitavaa hereni. Mimi nina sabini na miwili.

Sikumwambia mtu. Mwanzoni mwa mwezi huu Elihuruma akapiga simu: "Mama, mti umeshawaka?" Nikasema bado. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikasema mwaka huu umechelewa. Mimi, mzee wa kanisa, nikamdanganya mwanangu mara mbili! Jana akasema wanakuja leo baada ya ibada, maana theluji i karibu. Ikabidi niseme.

Akasema, kwa upole kabisa, kwa kuwa nilimlea vizuri: "Pole sana, Mama. Usijali. Basi tutapigia picha kwenye bustani ya huku kwetu, halafu nitakutumia." Nyuma yake nikamsikia Elinaja akiuliza kwa Kiingereza chao, kwani hatuendi kwa Bibi? Sikusikia alivyojibiwa.

Ndizi nilikuwa nimeshazimenya. Leo nimezipika. Sufuria ya watu wanne iko mezani, haijaguswa.

Dada, nilifikiri nikuombe jani la sale. Kwetu aliyekosa akipeleka sale, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Nilitaka nimpelekee mwanangu. Lakini ukiacha mti, sijui kosa langu ni lipi. Na hata nikimpa, ataligeuza-geuza mkononi aniulize, "Mama, hili ni jani la nini?" Hilo nalo sikumfundisha. Basi usilitume.

Nisalimie shemeji Eliakim na watoto wote wa hapo nyumbani, hata wale watundu. Mungu akuwekee mlango usiokosa miguu ya kuingia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Mama Elihuruma