Ini langu, na wembe uliotuchanja

Kaka Tluway,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake. Mnaendeleaje huko Endasak? Maharage yameshakauka? Nasikia mvua ya mlimani ilikata mapema. Mimi huku Dar es Salaam nipo, joto tu ndio linanishinda.

Naandika kwa sababu simu ya nyumbani mnachajia dukani, na ukiipokea pale wote wanatega masikio. Barua hii anakuletea dereva wa lori la ng'ombe. Soma ukiwa peke yako.

Ile habari yangu ya VVU unaijua wewe tu. Dawa nameza, sijaruka. Sasa kule kliniki daktari alinipima damu tena, akaniambia nina homa ya ini pia, aina ya C. Nikamwambia, "Mbona siumwi?"

Akasema, "Ini halina kelele. Linaharibika miaka na miaka, na wewe unachapa kazi tu."

Kaka, unajua kazi yangu hapa machinjioni ni kuosha matumbo na maini. Kwa hiyo nilitaka kujua sana. Ini zima nalijua, ukingo wake mwembamba, ukibonyeza kwa dole gumba linapasuka. La ng'ombe mgonjwa gumu kama soli, kisu kinakwaruza. Niliona aibu kuuliza, lakini mwisho nikauliza. "Dokta, mkaguzi wa nyama akikuta kipande kibovu anakata, anatupa, kinachobaki kinauzwa. Wewe huwezi kunifanyia hivyo?"

Alicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni. "Huyu anataka tumuuze kwa kilo!" nesi akasema. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Ila daktari akavuta kiti, akanieleza. Virusi hivyo vinasambaa ini lote, havikai kipande kimoja. Ini likiumia linaweka kovu, makovu yakiwa mengi linakuwa gumu. Mtu mwenye VVU makovu yake yanakimbia zaidi, ila dawa za VVU zinayapunguza mwendo. Pombe inayaongezea mbio. Akasema vipo vidonge vya hiyo C, unameza miezi michache, na wengi wanapona kabisa. Tatizo havipo kila hospitali, na kwanza lazima wajue ini limefika wapi.

Basi wakanilaza, wakaniwekea kidude ubavuni, kinagonga taratibu kama mgeni anayeogopa mbwa. Nikamuuliza aliyekuwa anapima, "Linasemaje?"

"Bado laini. Umewahi."

Kaka, nilitamani nilione. Maini ya ng'ombe nashika kila siku, la kwangu hata rangi siijui. Vidonge nimeshaanza.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Daktari aliuliza kama damu yangu iliwahi kukutana na ya mtu mwingine. VVU najua nilikoipata, hiyo tuiache. Nikavua shati, nikamwonyesha chale za bandama. Unakumbuka? Matumbo yalituvimba, yule babu mganga akatupanga ukutani, mkubwa mbele. Ukaanza wewe, nikafuata mimi, wembe ule ule, anausuuza kwenye kibuyu kimoja. Ukanitania, "Ukilia tu, ng'ombe wangu utawachunga wewe mpaka uzeeke!"

Daktari akasema hawezi kuapa kwamba ni wembe, lakini njia yake ndiyo hiyo, damu kwa damu. Akaniuliza, "Huyo aliyekutangulia amepimwa?"

Nikaanza kufunga vifungo vya shati.

Babu simlaumu, alitaka tupone. Wala sisemi umenipa wewe. Nasema hujapimwa, na pombe ya asali unakunywa, na ukitajiwa hospitali unasema, "Mimi ni dume." Kaka, hapa kazini madume yanakuja yanang'aa ngozi, tukipasua tunakuta ini limekakamaa.

Nimeomba ruhusa. Jumatatu baada ya wewe kupata hii barua nitashuka Katesh, nisubiri stendi. Tupande basi la Haydom pamoja, tukaulizie kipimo pale hospitali. Nitakaa na wewe kwenye benchi. Wakiita jina lako, nitasimama na mimi, ingawa unajua navyoona haya watu wakinitazama. Wakikuta huna, unicheke njia nzima mpaka nyumbani, sitajibu kitu. Wakikuta unayo, tutauliza wote vidonge vinapatikana wapi, na mimi nitakuambia vinamezwaje.

Msalimie shemeji, lakini sababu ya safari mwambie wewe mwenyewe, mimi siwezi. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na dada yetu wa kwaya, mwambie kitenge chake nakuja nacho. Mama mwambie nimenenepa.

Ni mimi mdogo wako,
Bura

Kaka, mpaka nifike usinywe.